Safari ya Kuwamba Zeze: Siku Saba Ugogoni

Siku ya kwanza, Jumatano. Dar es Salaam hadi Dodoma

Zeze la babu mzaa mama, ala ya Wagogo ya kibuyu na nyuzi mbili inayopigwa kwa upinde, lilipasuka ngozi masika ya mwaka juzi. Lilikuwa limening'inia ukutani sebuleni kwetu Mbagala, juu ya televisheni. Unyevu ukailegeza ngozi, jua la baada ya masika likaikaza ghafla, na usiku mmoja tukasikia mlio kama wa balbu iliyolipuka. Mke wangu akaenda kuangalia taa za varanda. Mimi nilijua.

Kazi yangu ni fundi mitambo. Kwa miaka 28 nimefunga spika kwenye harusi, mikutano ya injili, kampeni, hitma, hata mashindano ya kuhifadhi Kurani. Najua kutengeneza karibu kila kitu chenye waya. Ngozi sijui. Nikakaa na lile zeze karibu miaka miwili, kila mgeni anauliza, "Hili limefanya nini?" Mwaka huu nikasema basi, nalirudisha lilikotoka, liwambwe upya.

Nikalifunga kwenye khanga mbili na kulipakata kwenye treni ya SGR. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000, viti safi, na mwendo unafika kilomita 160 kwa saa bila chai kumwagika. Madirisha hayafunguki. Ndani ni kimya hivi kwamba nilisikiliza tamthilia nzima kutoka kwenye simu ya dada aliyekaa mbele yangu, na bado sijajua yule mume alikuwa na hatia au hakuwa nayo.

Mara ya kwanza kusikia zeze nikiwa na akili zangu ilikuwa kwenye treni pia, ile ya reli ya zamani, mwaka 1982. Nilikuwa na miaka kumi, mama ananipeleka kwao. Daraja la tatu, watu wamekaa hadi mlangoni, kuku chini ya viti, mtoto wa watu kalala juu ya mguu wangu. Asubuhi, treni iliposimama Gulwe, akapanda mzee asiyeona akiongozwa na kijana wa rika langu. Kibuyu cha zeze kakiegemeza tumboni, shingo yake inatazama mbele kama fimbo ya kupapasia njia. Treni ilipoanza kwenda, naye akaanza.

Nikiwaza kwa kichwa cha fundi, pale palikuwa mahali pabaya kuliko pote. Magurudumu yanagonga maungio ya reli, mabati yanatetemeka, watu wanagombania nafasi. Zeze lina sauti ndogo, ya puani, kama mtu anayenong'ona akiwa na mafua. Lakini tulimsikia vizuri kwa sababu alikuwa urefu wa mkono mmoja tu kutoka masikioni mwetu. Alipiga ubeti, akasogea viti viwili, akapiga tena. Hakujaribu kulifikia behewa zima kwa mara moja. Nilimwona mama akicheka, kisha akijifuta macho, kisha akitafuta kwenye kikapu yai la kuchemsha la kumpa. Kigogo changu tangu hapo ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo maneno ya ule wimbo hayakunikaa. Kilichonikaa ni ule upinde, ulivyopita karibu na pua yangu ukinuka utomvu.

Dodoma nilipokelewa na mpwa wangu na pikipiki yake. Upepo wa Julai unakata. Nililala kwa dada, Chang'ombe, zeze chini ya kitanda.

Siku ya pili, Alhamisi. Mjini

Asubuhi nzima sokoni Majengo. Nilipata zabibu, nilipata mlenda uliokaushwa, nilipata mtu anayeshona viti vya bodaboda akaniambia atanibandikia ngozi kwa gundi "na haitoki milele". Muuza ngoma mmoja alilishika zeze, akaligeuza, akaniuliza kama nauza. Hakuna aliyejua kuwamba.

Jioni mpwa akanipeleka kwenye hafla ya watu wa kazini kwake. "Mjomba, kutakuwa na kikundi cha ngoma za asili, utapata wa kumuuliza." Ukumbi mpya, jina silitaji. Sakafu ya vigae, kuta za vioo, dari ya jipsamu. Yaani kila kitu mle kinarudisha sauti. Ukiangusha kijiko mlangoni, jukwaani wanageuka.

Kikundi kilikuwa kizuri. Kina mama na ngoma zao za muheme kati ya mapaja, vijana na njuga, na kijana mmoja wa zeze, kavaa shanga kifuani. Fundi wa pale akamwekea maiki ya kuimbia, ile ya kawaida, mbele kabisa ya kibuyu. Ikaanza kupiga mluzi. Akapunguza. Zeze likapotea. Akaongeza, ikapiga mluzi tena, mkubwa zaidi, mgeni rasmi akaziba sikio. Basi yule fundi akafanya jambo ambalo nililiona kwa jicho langu, kidole chake kikishuka taratibu kwenye mashine: akaizima kabisa. Ngoma zikaendelea. Kijana hakujua. Alipiga wimbo mzima, macho kafumba, vidole vinatembea kwenye nyuzi, upinde unakwenda na kurudi, na ukumbini hapakuwa na hata chembe ya sauti yake. Mwishoni watu walimpigia makofi, naye akainama kushukuru.

Ningependa kumsema vibaya yule fundi. Tatizo ni kwamba mwaka 2009, kwenye harusi moja Temeke, mimi mwenyewe nilimshusha mpiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, hadi sifuri kwa sababu mshereheshaji alitaka kutangaza zawadi, na nikasahau kumrudisha. Alikuja kuniuliza baadaye, kwa adabu sana, "Fundi, nilisikika?" Nikamwambia ulisikika, mzee.

Usiku, kwa dada, usingizi haukuja, nikakumbuka kanisa.

Ilikuwa 1996, hapahapa Dodoma, kwenye kanisa moja la mjini. Kulikuwa na Mwingereza, mwalimu wa kujitolea, aliyekuja na luti yake, ala ya nyuzi ya Wazungu wa kale, kwenye sanduku zito kama jeneza la mtoto. Wengi hatukuwahi kuiona. Mgongo wake ni wa mbao nyembamba zilizounganishwa kama vipande vya tikiti, shingo fupi pana, na kichwa cha vigingi kimekunjwa kwenda nyuma kana kwamba kimevunjika. Ilikuwa na nyuzi 15: jozi saba, na ule mwembamba wa juu peke yake. Alitueleza kwamba hata jina lake limetokana na Kiarabu, *al-ud*, na kwamba chombo kiliingia Ulaya kutoka kwa Waarabu kupitia Uhispania. Mzee mmoja wa Kiislamu aliyekuja kwa udadisi tu akasema kwa sauti, "Kumbe ni udi wetu umekwenda shule!" Watu wakacheka. Mwingereza alipotafsiriwa naye akacheka.

Nilikuwa nimemfungia maiki mbili na spika nne. Akaanza kukaza nyuzi. Akakaza, akakaza. Akasema kwao kuna utani wa zamani kwamba mpiga luti akifika miaka 80, basi 60 kati ya hiyo ameitumia kukaza nyuzi. Hatimaye akapiga kitu cha John Dowland, mtunzi wa muziki wa luti aliyezaliwa 1563 na kufa 1626, na kwenye spika zangu kilisikika kama gitaa la bei rahisi lililofungiwa ndani ya ndoo. Nikahangaika na vitufe. Hakuna kilichosaidia.

Kisha umeme ukakatika.

Giza, na mguno wa watu, na mtu akawasha mshumaa wa altare. Yeye hakusimama. Watu wakaanza kusogea mbele kimyakimya, benchi kwa benchi, hadi tukawa tumemzunguka kama watu wanaoota moto. Hapo ndipo nilipoisikia luti. Chini ya ile sauti niliyoidhania kuwa ndogo kulikuwa na sauti nyingine tatu, moja inashuka, moja inapanda, na nyingine inasubiri. Nilisikia ncha za vidole vyake zikigusa utumbo wa kondoo, maana nyuzi zake zilikuwa za utumbo. Umeme uliporudi baada ya dakika kama ishirini, mtu mmoja alisema "aaah" kwa masikitiko, na mimi, fundi wa umeme ule, nilisema naye.

Siku ya tatu, Ijumaa. Chamwino

Hapa sina mengi. Nilikwenda Chamwino Ikulu kwa sababu ndiko lilikoanzia Tamasha la Muziki wa Cigogo mwaka 2009, nikajua sitakosa wa kunielekeza. "Mbukwenyi!" nikasalimia kwa kujiamini, nikajibiwa kwa maneno mengi ambayo sikuyaelewa hata moja, ikabidi nirudi kwenye Kiswahili.

Kina mama walikuwa wakifanya mazoezi chini ya mti. Nje, upepo mkali, vumbi. Muheme hauogopi upepo; ule mlio unakugonga kifuani ukiwa bado barabarani. Zeze lilikuwepo moja, na ilimba moja, ala ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na kutoka nilipokuwa nimesimama sikusikia chochote cha hivyo viwili. Lakini niliona jambo. Wale wa zeze na ilimba walikuwa wameketi karibu kabisa na waimbaji, na waimbaji ndio waliokuwa wakizichukua zile noti na kuzikuza kwa midomo yao, sauti nne au tano tofauti zikipandana. Chombo kinanong'ona, watu wanatangaza. Katika miaka 28 sijawahi kuwaza kwamba spika inaweza kuwa binadamu.

Mtu yeyote wa umri wangu akiona zeze na ilimba pamoja anamkumbuka Hukwe Zawose, aliyetoka huku Ugogoni, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuipeleka ilimba yake kwenye majukwaa ya Ulaya. Alifariki Desemba 2003. Mama mmoja wa mazoezini aliponiona nimelifungua zeze langu, alilitazama, akapitisha kidole kwenye mpasuko, akasema, "Hili liende Mvumi." Akanipa jina la kijiji na jina la mzee. Hakuwa na namba ya simu. "Ukifika uliza wa zeze."

Siku ya nne, Jumamosi. Mvumi

Kutoka mjini hadi Mvumi Misheni kwa Hiace, tukiwa watu ishirini na tatu na godoro moja. Kutoka hapo bodaboda, korongo moja kavu, mibuyu, kisha nyumba.

Mzee ni mwembamba, ana miaka zaidi ya sabini kwa kumkadiria, anatembea kwa kasi kuliko mimi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeleta mgonjwa?"

Alikuwa ameshaliona umbo lake ndani ya khanga. Akalifungua, akalinusa. Kweli, akaweka pua kwenye tundu la kibuyu na kuvuta. Akaniuliza lilikuwa la nani. Nikamtajia babu. Hakumfahamu, lakini alimfahamu mtu aliyelichonga, kwa namna shingo ilivyokatwa pale juu. "Huyu alikuwa na haraka," akasema. "Kazi zake zote zinapinda kidogo kushoto."

Ngozi ilikuwa tayari kwenye ndoo, ya mbuzi jike, imelala majini na majivu. Aliiandaa kwa ngoma ya mtu mwingine, akasema ngoma itasubiri. Akaitandika juu ya gogo, akaikwangua manyoya kwa kisu butu, taratibu, kama mtu anayeparua samaki ambaye hataki kumuumiza. Alipomaliza aliiinua kwenye mwanga, akanionesha sehemu mbili: ya mgongoni, nene na nyeusi kidogo, na ya tumboni, nyembamba hadi unaona vidole vyake upande wa pili. "Mgongo ni wa ngoma. Tumbo ni la zeze." Zamani, akasema, wengine walitumia ngozi ya kenge. "Siku hizi kenge ni wa serikali."

Kuwamba kulichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani, na nguvu nyingi zaidi. Ngozi mbichi inavutwa juu ya mdomo wa kibuyu, inashikiliwa kwa goti, kisha vijiti vidogo vya mwiba vinapigiliwa kwenye matundu ya pembeni, kimoja upande huu, kingine upande wa pili, kama unavyokaza nati za tairi. Sikumwambia hivyo, lakini yeye aliniambia: "Kama tairi. Ukifuata mzunguko, linakaa upande." Nilipewa kazi ya kushika. Mikono yangu ikanuka mbuzi hadi Jumatatu.

Akaligonga kwa kidole. *Bu.* Sauti ya mkate. "Siku mbili kivulini," akasema. "Ukiliweka juani utarudi hapa mwezi ujao."

Kwa hiyo nikabaki.

Siku ya tano, Jumapili

Nyumba yake kubwa ina bati. Nyuma yake ipo nyingine, tembe la zamani, kuta za miti na udongo, paa la udongo lililo bapa, chini hivi kwamba nilijigonga kichwa mara tatu kabla ya chai. Wengi wameshabomoa matembe yao. Yeye kalibakiza kwa ajili ya kuhifadhi uwele, na kwa ajili ya zeze lililokuwa likikauka ndani, limening'inia kwenye boriti.

Wenyewe walikwenda kanisani. Mimi nilibaki na mjukuu wake wa miaka saba, aliyeniuliza kama Dar kuna mbuzi. Mchana, ugali wa uwele na mlenda.

Alasiri tulikaa nje, akataka kusikia juu ya mazeze ya watu wengine. Nikamsimulia ya Unguja. Mwaka 2004, tamasha la Sauti za Busara lilipoanza Ngome Kongwe, mimi nilikuwa miongoni mwa vijana wa kubeba nyaya. Taarabu usiku, fidla, kanuni, kodiani, dufu, na katikati ya yote hayo mzee wa udi, jasho linamtoka, mkono unakwenda, na udi umezama mzimamzima kama jiwe bandarini. Lakini kesho yake, nikipita Vuga mchana wa jua kali, nikasikia udi peke yake ukitoka dirishani mwa chumba cha mazoezi. Mtu anajaribu kitu kimoja, anakirudia, anakirudia tena. Nikakaa kwenye baraza ya nyumba ya jirani hadi mwenye nyumba akaniletea kahawa bila kuniuliza ni nani. Kwa ukuta mmoja na dirisha moja kati yetu, nilimsikia yule mpigaji kuliko walivyomsikia wote wa Ngome Kongwe.

"Ana upinde?" mzee akauliza.

"Hana, babu. Anakwangua kwa kijiti chembamba."

"Basi ni kitu kingine."

Nikamwambia kuna wataalamu wawili, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walioziorodhesha ala zote za dunia mwaka 1914, wakaangalia tu kama nyuzi zinapita juu ya shingo na shingo imeunganishwa na tumbo la kutolea sauti. Kwa hesabu yao zeze, udi na luti ya Wazungu ni ukoo mmoja, upinde hauvunji undugu. Alifikiri. "Ndugu wa mbali," akakubali. "Wa kukutana msibani."

Siku ya sita, Jumatatu

Asubuhi aligonga ngozi. *Ting.* Mimi na mjukuu tukatazamana.

Nyuzi alizipata kwenye waya wa breki ya baiskeli. Aliufumua kwa koleo, nywele baada ya nywele, akachagua mbili, akazivuta mbele ya sikio kana kwamba anasikiliza simu. Za upinde ni katani. Alizipaka utomvu kutoka kwenye donge jeusi alilolitunza ndani ya kopo la dawa ya viatu, na harufu ile ilipotoka nikarudi Gulwe moja kwa moja, miaka kumi, mtoto wa watu juu ya mguu wangu.

Sasa hapa nilifanya ujinga wa kifundi. Alipokuwa akipiga kujaribu, nilitoa simu na kuwasha programu ya kupimia noti. Nyingi zilikubali, sindano ikasimama katikati, kijani. Lakini kulikuwa na moja, ile inayoupa wimbo wa Kigogo ladha yake, ambayo kila alipoifikia sindano ililala kushoto. Karibu theluthi ya nusu-toni, yaani ya hatua kati ya vitufe viwili vinavyofuatana vya kinanda, chini ya inapopaswa kuwa kwenye kinanda. Nikamwonesha. Nikamwambia kwa upole kwamba labda kidole kimeteleza.

Akairudia. Sindano ikalala palepale. Akairudia mara tatu, palepale, hata unywele haukuhama.

"Simu yako ni ya kwaya," akasema.

Na alikuwa sahihi kuliko alivyojua, au pengine alijua kabisa. Uzi wowote ukiugusa kidogo kwenye sehemu ya saba ya urefu wake unatoa noti ambayo ni ya uzi wenyewe, haikutungwa na mtu, na noti hiyo iko chini ya ile ya kinanda kwa sehemu 31 kati ya mia za nusu-toni. Nililisoma hilo zamani kwenye mambo ya mawimbi ya sauti na kulisahau. Kinanda na gitaa la kisasa vimeifungia nje. Kwenye gitaa, vyuma vya shingoni vimeamua. Udi hauna vyuma, kidole kinakwenda kinakotaka. Hata ile luti ya 1996 vigawanyio vyake vilikuwa nyuzi za utumbo zilizofungwa shingoni kwa fundo, na nilimwona Mwingereza akivisogeza kwa kucha kabla ya kuanza. Wagogo wao wameishika ile noti na kujenga uimbaji mzima juu yake, na mimi nimekuja na simu kuwasahihisha.

Usiku alipiga ndani ya tembe.

Tulikuwa saba: yeye, mkewe, wana wawili, mke wa mmoja wao, yule mjukuu, na mimi. Taa moja ya sola. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu yangu karibu iguse yake. Nimezoea kupiga makofi mara moja ninapoingia ukumbi wowote, kusikiliza unavyojibu. Nilipiga. Tembe halikujibu. Udongo wa paa, udongo wa kuta, magunia ya uwele, vyote vilimeza. Kavu kabisa. Hakuna studio niliyowahi kufanyia kazi iliyo kavu hivyo, na zile ziligharimu mamilioni ya povu na mbao.

Alipoanza, nilielewa kibuyu kinaegemezwa tumboni kwa nini. Anakisogeza. Anakibana kwenye mwili sauti inazibika, anakiachia inafunguka, kama mdomo. Upande wa pili wa ukumbi huwezi kuisikia hiyo. Kwa umbali wa miguu iliyokunjwa ni nusu ya wimbo. Nilisikia utomvu ukishika na kuachia. Nilisikia anavyovuta pumzi kabla ya kuimba, na mkewe akiitikia kwa sauti ya chini, bila kuacha kuchambua mboga, akilichukua lile neno la mwisho na kulishusha hadi kwenye ile noti iliyolala kushoto. Mjukuu alilala. Hakuna aliyesema "kimya".

Katikati nikamwuliza kama amewahi kupiga ukumbini mjini. Akasema mara mbili.

"Watu walikuwa mbali kiasi gani, babu?"

Akakadiria. Kutoka hapa hadi kwenye ule mbuyu.

"Hao hawakuja kusikiliza zeze," akasema. "Walikuja kuniona mimi." Akakaza kigingi, akaendelea.

Sikurekodi. Simu ilikuwa mfukoni, chaji asilimia 80. Mpwa wangu bado hajanisamehe.

Siku ya saba, Jumanne. Kurudi

Malipo: nilikuwa nimeandaa kiasi fulani, akachukua nusu, nusu akasema ninunulie mjukuu daftari. Akanipa donge dogo la utomvu ndani ya jani, na onyo: lisikae juu ya televisheni.

Stesheni ya SGR ni jumba kubwa la vioo na mawe yanayong'aa. Mwangwi wake, kwa kukadiria, sekunde tatu na zaidi. Tangazo moja likitolewa, unasikia mawili. Mzigo wangu ulipopita kwenye mashine ya ukaguzi, askari, dada mdogo tu, akausimamisha. Kwenye kioo ilionekana duara, mstari mrefu na waya mbili.

"Mzee, hii ni nini?"

"Zeze."

"Zeze ndiyo nini?"

Nikafungua khanga. Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika. Akaligeuza, akachungulia kwenye tundu la kibuyu kwa tochi, akaniambia, kwa uso wa kazi kabisa, "Lipige tulisikie."

Mimi sijui kupiga zeze. Nilikiegemeza kibuyu tumboni kama nilivyoona, nikashika upinde kama kisu cha kukatia mkate, nikavuta. Ilitoka sauti ya mlango wa kabati. Ukumbi ule ukaichukua, ukaizungusha juu ya vioo, ukairudisha mara ya pili, mbaya zaidi. Watu karibu mia wakageuka.

Askari hakucheka. Alisogea hatua moja, akainamisha kichwa karibu na ngozi ile mpya.

"Tena," akasema. "Polepole."